Jirani wa Ukuta Mmoja

Siku tuliyohamia Kenton, pembeni mwa London, nilikuwa nimebeba mashine ya kufulia mgongoni, peke yangu, kwa sababu lori la kukodi lilitakiwa lirudishwe kabla ya saa sita mchana na rafiki aliyeahidi kuja kunisaidia hakutokea. Mke wangu alikuwa mlangoni akiniambia kwa Kiswahili niinamishe kichwa nisigonge fremu. Ndipo mzee mmoja wa Kihindi akatoka nyumba ya pili, ile iliyoshikana na yetu ukuta kwa ukuta. Alivaa sweta ya kijivu na malapa. Akasimama upande wake wa ua mfupi, akanitazama juu chini.

"Wewe mtu ya kubeba," akasema kwa Kiswahili. "Mwenye nyumba iko wapi?"

Niliitua ile mashine kwenye ngazi. "Mwenye nyumba ni mimi, mzee."

Akamwangalia mke wangu, akaniangalia mimi, akaiangalia nyumba kuanzia paa mpaka mlangoni. "Haiwezekani," akasema. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema tumekuja kote huku kumpata mtu wa kuongea naye Kiswahili, na huyo mtu ndiye huyo. Mimi sikucheka. Nilibeba vitu vilivyobaki nikiwa nimekaza meno, na kila nilipopita pale kwenye ua niliona pazia la mzee likisogea.

Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta. Baadaye mke wangu aliambiwa na binti yake, mwanamke mtu mzima aliyekuja kila Jumapili kutoka Harrow, kwamba mzee alizaliwa Kisumu na alikulia katika duka la baba yake la misumari, mabati na rangi, na kwamba walihamia Uingereza akiwa kijana aliyeoa. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa sekondari kutoka Bungoma. Hakuna Mhindi aliyewahi kunifukuza dukani. Lakini mama yangu alikuwa na hadithi zake za kusimama mbele ya kaunta kama zile akisubiri kusikilizwa huku wengine wakihudumiwa, na siku ile nilizichukua hadithi zake zote nikazifanya zangu.

Lazima nieleze kazi niliyoifanya, maana bila hiyo haya mengine hayataeleweka. Nilikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, ambao mpira wenyewe umechongoka kama yai na miguu huugusa mara chache. Nilikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo kwa sababu nilirusha tufe na kisahani mbali kuliko wenzangu wa shule. Sikuwa nimewahi kuuona mchezo huo. Mwaka wangu wa pili chuoni kocha mmoja aliniona nikinyanyua vyuma, akauliza kama najua kukimbia. Nikamwambia najua. Akanipeleka uwanjani, akanisimamisha mbele ya kijana mwenye kilo kama zangu, akasema, "Mwondoe hapo." Nikamwondoa. Kwa miaka tisa iliyofuata hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, mitatu chuoni na sita ya kulipwa: kumwondoa mtu aliye mbele yangu ili nimfikie yule mwenye mpira nyuma yake.

Nilichezea timu tatu. Sikuwa maarufu. Ukinitafuta utapata picha chache, na katika nyingi kati ya hizo mimi ndiye mgongo unaomziba mtu mwingine.

Kocha wa mstari wetu wa mbele katika timu ya kwanza alikuwa mtu mfupi aliyetafuna tumbaku na kuitemea kwenye kikombe cha karatasi. Wiki yangu ya kwanza aliniita pembeni akaniambia kuwa mimi ni mpole mno na mpole hadumu. "Kila wiki," akasema, "mtafute yule utakayekutana naye. Mwangalie kwenye video. Utafute kitu cha kumchukia, ukipate, ukilee mpaka Jumapili ya mchezo."

Nilimtii. Nilikaa kwenye chumba chenye giza nikiangalia video za wanaume nisiowajua, na kila wiki nilipata kitu. Mmoja alikuwa na tabia ya kuvuta suruali kabla ya mpira kuanza. Mwingine alicheka akiwa ameanguka. Mmoja nilimchukia kwa sababu alifanana na mwalimu aliyewahi kunichapa. Kufikia Jumapili nilikuwa natamani kusikia mfupa ukivunjika. Mchezo ukiisha tulipeana mikono, na nikiwa bafuni nilikuwa sikumbuki tena kosa lake. Nilidhani hayo ni mazoea ya kazini tu, kama seremala anavyokung'uta vumbi kabla ya kwenda nyumbani.

Msimu wa nne goti la mwenzangu mwenyewe lilinipata chini ya kidevu tukiwa tunamfukuzia mtu mmoja. Kilichofuata sikikumbuki. Video inaonyesha nimelala chali, mkono mmoja juu angani kama naomba ruhusa ya kusema, na mchezo ukiendelea kando yangu. Wiki iliyofuata nilicheza. Msimu wa sita ikawa shingo, halafu goti. Asubuhi moja nikiwa nakula mayai, kijana wa ofisini alikuja mezani na karatasi akaniambia kocha ananiita na nije na ile tableti yenye mipango ya timu. Kila mchezaji anajua maana ya maneno hayo: timu imekuacha. Nilitia viatu vyangu kwenye mfuko wa plastiki wa takataka, kwa kuwa hakuna aliyenipa mfuko mwingine.

Mke wangu ni mfamasia, na hospitali moja ya London ndiyo iliyompa kazi, ndipo tukaja. Kituo kimoja cha televisheni kilinialika kueleza mchezo timu za Marekani zilipokuja kucheza London. Mara mbili nilifanya vizuri. Mara ya tatu, tukiwa hewani, nilitaka kutaja jina la nafasi niliyocheza miaka yote ile, likanitoka. Nikaikodolea macho kamera. Mtangazaji akacheka, akalitaja yeye. Hawakuniita tena. Sasa nasimamia stoo ya vifaa vya michezo katika shule moja Harrow. Nahesabu mipira na kupaka dawa nyavu.

Lakini usingizi ulinikataa. Shingo ilinitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri, na mikono ilitetemeka mpaka nishike kitu kizito. Kwa hiyo chumba cha mbele, ambacho watu wengine huweka makochi, mimi niliweka vyuma. Niliinua mzigo toka sakafuni mpaka kiunoni, na mikono ikichoka niliuachia. Sakafu ya mbao ilitetemeka, na ukuta nao.

Wiki ya pili mzee akaanza kugonga ukuta kwa fimbo. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nilisubiri amalize, nikaachia tena.

Asubuhi hiyo alinikuta natoa pipa la taka.

"Wewe hapana sikia mimi nagonga?"

"Nimesikia, mzee."

"Kwa nini hapana acha?"

"Ni nyumba yangu."

"Hii ukuta ni yangu pia. Nusu yangu."

"Basi gonga nusu yako," nikamwambia.

Laiti angesema neno moja siku ile. Hakusema. Alitemea nyasi zake mwenyewe, akaingia ndani, na barua ya kwanza ya kaunsili ya mtaa kuhusu kelele ikaja kabla mwezi haujaisha.

Nilijua la kufanya na mtu kama yule. Nilikuwa nimefundishwa. Nikaanza kumsoma. Alipanga mapipa yake kwa rangi na akayasogeza kila yakikaa upande, basi nikawa napita jioni nayapindua kidogo. Alifuta kioo cha mbele cha gari lake kwa gazeti kila asubuhi, gari ambalo halikwenda popote. Alikuwa na namna ya kukohoa kabla ya kusema, kama mtu anayeita mtumishi. Hiyo ndiyo niliyoilea. Nikisikia kikohozi kile kupitia ukuta nilihisi hasira ikipanda, na nitakuwa mwongo nikisema sikuifurahia. Kwa mara ya kwanza tangu niachwe na timu nilikuwa na mtu mbele yangu.

Naye hakulala. Alimwambia mtu wa posta kwamba mimi ni baunsa wa klabu. Aliwaambia majirani wa ng'ambo wafunge madirisha. Siku mke wangu alipompelekea mahamri, alifungua mlango, akayatazama, akasema, "Mume yako natuma wewe?" Mke wangu akasema la, amekuja mwenyewe. Akafunga mlango. Mke wangu alirudi na sahani yake, akayala mahamri manne mfululizo akiwa amesimama jikoni.

Kaunsili ikatuita kwenye usuluhishi, katika chumba kidogo juu ya maktaba. Msuluhishi alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Mzee alikuja peke yake na suti. Mimi nilikuja na mke wangu, akakaa nyuma. Msuluhishi alituomba kila mmoja ajieleze bila kukatizwa. Nikajieleza kwa Kiingereza: nilikuwa mchezaji, mwili wangu umeumia, mazoezi ndiyo dawa yangu.

Mzee alikohoa. Akanigeukia, akaacha Kiingereza.

"Mchezaji! Binti yangu natafuta wewe kwa kompyuta. Unajua mimi naona nini? Wewe nalala chini kama gunia ya simiti. Watu naruka juu yako. Hii ndio mchezo? Kulala?"

"Samahani," msuluhishi akauliza, "anasema nini?"

Nilimgeukia mzee.

"Na nyinyi mlikimbia Kisumu," nikamwambia. "Mliwatukana mama zetu kaunta zikiwa zenu. Sasa hamna kaunta, umekuja kunitukania nyumbani kwangu."

"Mimi hapana kimbia! Mimi nazaliwa pale. Mama yangu nakufa pale, nachomwa pale, mimi nashika moto kwa mkono yangu." Alinyoosha mkono wake juu ya meza. "Wewe mama yako iko wapi? Nani nazika yeye? Wewe iko Marekani, napigwa kichwa."

Hakujua. Hakuwa na njia ya kujua. Mama yangu alifariki katikati ya msimu wangu wa pili, na kocha aliniambia naweza kwenda ila nafasi yangu haitakuwa inanisubiri. Sikwenda. Ndugu zangu walimzika Jumamosi, na Jumapili mimi nilicheza. Nilicheza vizuri.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Niliona kidevu cha mzee na nikajua hasa pa kumshika. Msuluhishi alikuwa ameshachukua simu yake. Mzee hakurudi nyuma hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo.

"Keti," mke wangu akasema nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Keti, au usirudi nyumbani."

Nikaketi. Tulitia sahihi karatasi iliyosema sitanyanyua vyuma kabla ya saa tatu asubuhi. Tulitoka bila kuangaliana, tukapanda basi moja, yeye mbele na sisi nyuma, tukashuka kituo kimoja.

Nikawa naripoti kazini adhuhuri, na saa tatu kamili, si dakika moja mbele wala nyuma, niliinua mzigo mzito kuliko wote nikauachia kutoka kifuani. Nilinunua sahani mbili zaidi za chuma za kuongeza uzito kwa kazi hiyo.

"Unafanya makusudi," mke wangu alisema.

"Karatasi inaniruhusu."

"Sikuulizi karatasi. Nakuuliza wewe."

"Ulimsikia alichosema kuhusu mama."

"Mama yako hukumzika. Hilo si kosa la yule mzee."

Kwa siku tatu aliniandalia chakula na kukiacha mezani kama mtu anayemlisha mpangaji.

Mapigo ya fimbo yalikoma mwezi Februari. Nilidhani nimeshinda. Nilimwambia mwenzangu wa stoo kwamba mzee amenyoosha mikono, na nikacheka nikimweleza.

Asubuhi moja ya Machi nilikuwa nimeachia mzigo mara nne au tano nilipoona kupitia dirisha gari refu jeusi limesimama mbele ya nyumba zetu, na watu waliovaa nguo nyeupe za msiba wamejaa njia ya mzee. Wote walikuwa wamegeuza nyuso kuangalia dirisha langu. Chuma kilikuwa bado kinatetemeka sakafuni. Sikuelewa. Nilidhani ni yeye aliyekufa, na nitasema ukweli, wazo langu la kwanza halikuwa la huzuni.

Mke wangu alitoka na koti lake. Alirudi baada ya muda mrefu, akasimama mlangoni mwa jikoni bila kulivua.

"Ni mkewe," akasema.

"Mke gani? Hana mke."

"Alikuwa naye. Alikuwa mgonjwa tangu kabla hatujahamia. Hakuweza kupanda ngazi, wakamwekea kitanda chumba cha mbele." Alinyoosha kidole kuelekea chumba changu cha vyuma. "Kitanda kiligusa ukuta. Binti anasema kila ulipoachia, mama alishtuka akashika nguo ya mtu aliye karibu. Siku za mwisho alikuwa haongei tena, lakini kushtuka alishtuka."

"Mbona hakusema? Angesema neno moja!"

"Nilimuuliza binti hivyo hivyo. Anasema baba yake alikataa. Alisema hawezi kukuomba huruma wewe."

Jioni tulikwenda kutoa pole. Viatu vilijaa kizingitini. Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua, kavaa nyeupe, hajanyoa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Niliyasema yote, kwa Kiswahili safi kabisa nilichonacho: kwamba sikujua, kwamba ningejua nisingefanya, kwamba namwomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia mke wangu, "Wewe ingia, mama. Karibu."

Mke wangu akavua viatu, akaingia.

"Wewe," akaniambia, "hapana. Wewe natwanga yeye kila siku. Sasa yeye hapana sikia wewe. Kwenda."

"Mzee, sikujua."

"Wewe najua mimi iko pale. Mimi nagonga. Mtu nagonga, wewe najua iko mtu." Akafunga mlango.

Nilisubiri nje karibu saa nzima. Watu waliingia na kutoka wakinipita kama nguzo ya taa. Mke wangu alipotoka macho yalikuwa mekundu, na hakunishika mkono tulipokuwa tukipita ua.

Wiki ile niliita watu wa jimu moja ya Harrow wakaja kuchukua vyuma vyote. Sikuwa mtu mpya kwa sababu hiyo. Nisiwadanganye. Alfajiri niliamka kama kawaida, shingo ikiuma, mikono ikitetemeka, na sasa hakukuwa na kitu cha kushika. Nilimchukia zaidi. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa na haki, na kwa kuwa aliijua siri ile muda wote akainyamazia, akaniacha niendelee kama mtu anayemwachia mwenzake kamba ajinyonge nayo. Nilipiga ngumi mlango wa kabati, ukapasuka. Mke wangu alifunga sanduku, akaenda kukaa kwa dada yake Walthamstow mwezi mzima. Alirudi kwa sharti kwamba nimwone daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu. Alinipa maneno matano niyakumbuke, nikarudisha mawili. Alinitazama kichwa kwa mashine. Aliniambia kuna mambo katika ubongo wa watu waliofanya kazi yangu ambayo huthibitishwa tu baada ya kufa, na kwamba hasira yangu huenda ikawa sehemu ya ugonjwa.

"Kwa hiyo si mimi?" nikamuuliza.

"Sijasema hivyo," akajibu.

Nilimweleza habari za vyuma na ukuta. Nilitaka aniambie ni ubongo. Hakuniambia. Alinipa dawa za usingizi na jina la kikundi cha kuongea, nikaenda mara mbili, nikaacha, nikarudi baada ya mke wangu kunitazama tu. Siku hizi napata saa tano za usingizi kwa usiku, wakati mwingine sita.

Mzee bado yuko pale. Binti yake anataka ahamie kwake, naye hataki. Tukikutana njiani mimi husema, "Shikamoo," na yeye hukohoa akapita. Mwaka huu mwezi wa Machi nilimwandikia barua, kurasa mbili, kwa herufi kubwa ili asipate taabu ya kuisoma. Nilimwandikia kuhusu kocha aliyetema tumbaku na jinsi alivyonifunza. Nilimwandikia kuhusu mazishi ya mama ambayo sikuyahudhuria. Sikuomba chochote ila anijibu. Niliitia kwenye tundu la barua la mlango wake nikiwa nakwenda kazini.

Niliporudi nilikuta bahasha yangu mwenyewe sakafuni kwetu, imefunguliwa kwa kisu, vizuri, bila kuchanika. Ndani kulikuwa na kurasa zangu mbili. Chini ya jina langu, kwa kalamu ya wino, ameandika: *Nimesoma. Hapana.*

Mke wangu alikuwa anavaa viatu vya kwenda zamu. Aliuliza mzee ameandika nini. Nikamwonyesha. Alisoma, akanirudishia karatasi.

"Ana haki yake," akasema, akachukua mkoba wake na funguo.

Nilimsikia akipita nje, akimsalimia mzee, na mzee akimwitikia.